Mutua Hakuwahi Kuoa

Tangu Wangare apige simu kusema anakuja Muthetheni, mzee Aloys Maundu hakutulia. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa mwoga tu, na uoga wake aliuzoea mpaka ukawa kama kazi: simu ikilia alfajiri alijua ni msiba, mgeni akichelewa alijua ni ajali, na habari njema ikija aliigeuzageuza kama mtu anayenunua nyanya, akitafuta palipooza.

Habari ya Wangare ilikuwa njema, ukimwuliza mtu mwingine yeyote. Alikuwa mhariri wa kampuni ya vitabu ya Nairobi, na kampuni ilitaka kuchapisha upya riwaya za kwanza za Ndambuki, zile alizoziandika Aloys akiwa mwalimu kijana. Ndambuki ni yule kachero wa kofia ya kahawia anayewafuata wezi wa ng'ombe kule Konza na wezi wa kahawa kule Kangundo. Aloys alimwandika mara sita, akachoka, akaiachia kampuni haki zote na kurudi kwenye chaki yake. Kampuni haikuchoka. Ilimpa Ndambuki waandishi wengine, kisha ikampeleka kwenye runinga, na sasa hata watoto wa Mavoko wasiojua neno moja la Kikamba wanatembea kama yeye, bega moja chini. Aloys mwenyewe watu walikuwa wamemsahau, jambo ambalo halikumsumbua sana, kwa kuwa aliyesahauliwa hapigiwi simu alfajiri.

Lakini hakuwa akimhofia Ndambuki. Alikuwa akimhofia Mutua, na ili hofu hii ieleweke inabidi tuingie kidogo katika mambo ya ndani ya nyumba ya watu.

Mutua wa vitabuni, dereva wa lori na rafiki wa Ndambuki wa kufa na kuzikana, alitolewa kwa Mutua wa kweli, kaka mkubwa wa Aloys. Huyo wa kweli alikuwa utingo wa malori ya masafa, akafa barabarani upande wa Kongo kabla hajaoa, akazikwa hukohuko na watu wasiomjua. Mama yao, Syokimau, alilia mpaka akamaliza, kisha akafanya walivyofanya Wakamba wengi kabla yake: akamwolea mwanawe marehemu mke. Mbuzi walipelekwa, wazee wakaketi, na msichana mmoja aitwaye Mutheu akaletwa nyumbani kuwa mke wa jina la Mutua. Mke wa namna hiyo huitwa iweto. Watoto atakaowazaa ni wa marehemu, na swali la nani aliyewatia tumboni haliulizwi na mtu mwenye adabu. Kitanda hakizai haramu. Mutheu alizaa mwana mmoja, Rodgers, wakati ambao mifupa ya Mutua ilikuwa imekwisha kukauka huko Kongo, na kijiji kizima kikamwita mwana wa Mutua, kikanyamaza.

Aloys, mwalimu na mwimbaji wa kwaya ya Kikatoliki, hakuipenda sana shughuli ile. Lakini mama yake alimwita jikoni akamwambia, "Mimi nimemwoza na yeye hayuko. Huko kwa vitabu yako yuko. Mwoze huko pia."

Basi katika kitabu cha tatu Mutua akaoa, na katika cha tano akapata mtoto wa kiume. Mama, ambaye hakujua kusoma, alisomewa harusi ile mpaka akawa anamtangulia msomaji. Na Rodgers alipofikia umri wa kuuliza baba yake alikuwa mtu wa namna gani, Aloys alimpa vitabu. "Uongo wote humo ni wangu," alimwambia, "lakini huyu Mutua ndiye baba yako." Mtoto alisoma, akaona kwamba mwaka aliozaliwa yeye baba yake alikuwa hai, anaendesha lori, amempakata mwanawe kwenye usukani. Aloys hakumsahihisha, wala hakutokea mwingine wa kumsahihisha.

Rodgers sasa alikuwa mtu mzima, fundi wa kuchomelea vyuma pale sokoni, na ndiye aliyemtunza Aloys baada ya Aloys kufiwa na mkewe. Alimwita baba mdogo, kama ilivyo desturi. Alikuwa amepata mabinti watatu, na sasa, baada ya mkewe kukata tamaa, mtoto wa kiume. Wakamba wanajua mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la nani: la babu yake, baba wa baba. Mutua alikuwa amerudi nyumbani, mfupi, mwekundu na mwenye kelele nyingi.

Wangare alifika kwa gari la kampuni. Alikuwa msichana mpole, viatu vyake vimejaa vumbi la Muthetheni na wala hakuvikung'uta, jambo lililomfanya Aloys amwamini kidogo. Walinywa chai. Aliuliza habari za mahindi kama aliyefundishwa kwamba mzee huanzwa kwa mahindi. Kisha akafungua mkoba.

"Mwalimu, iko shida moja ndogo," alisema.

Aloys aliweka kikombe chini. Alikuwa anaisubiri tangu simu ile.

"Watu wa TV wako na kitu tunaita historia rasmi. Kila mwandishi anaifuata. Chenye kiko ndani ndicho kilitokea. Chenye hakiko, hakikutokea. Sasa kwa historia rasmi, Mutua alikufa mwanzo kabisa. Kifo chake ndicho kilimfanya Ndambuki aanze kazi. Halafu mtu anunue vitabu vyako, apate Mutua ako hai, ameoa, amepata mtoto. Atasema tumechanganyikiwa."

"Lakini vyangu ndivyo vilitangulia."

"Ni kweli, Mwalimu. Hata mimi nilisema hivyo kwa mkutano." Alionekana kuona haya. "Lakini wenye kutazama TV ni wengi kuliko wenye kusoma. Kwa hivyo tumeamua vitabu vitoke vile viko, hatugusi kitu, ila tuweke ukurasa mmoja mbele. Ilani tu."

Akampa karatasi. Aloys alivaa miwani, akasoma.

*Msomaji mpendwa, matukio ya kitabu hiki hayamo katika historia rasmi ya Ndambuki. Katika historia rasmi, Mutua alifariki akiwa kijana, kabla ya kuoa na kabla ya kupata mtoto.*

Aliisoma tena. Akaificha karatasi chini ya meza. Watoto wa Nairobi, waliokaa kwenye ofisi yao wakitunga kifo cha mtu ili kipindi kianze kwa kilio, walikuwa wamebahatisha ukweli mtupu. Kile ambacho kijiji kizima kilikinyamazia, wazee, wanawake wa kisimani, hata walevi, kilikuwa hapa kwa herufi nzito, tayari kwenda kiwandani. Na Rodgers angekifungua kitabu kumwonyesha mwanawe, na ukurasa wa kwanza ungemwambia kwamba Mutua hakuzaa.

"Nani aliwaambia?" aliuliza.

"Alituambia nini, Mwalimu?"

"Hakuna." Alilamba midomo. "Hii sentensi ya pili. Mnaweza kuitoa? Muache ile ya kwanza."

Wangare alitoka nje kupiga simu, karibu na lango ambako mtandao hushika. Aloys alimtazama dirishani akitembea huku na huku, akitikisa kichwa, akisikiliza zaidi ya kusema. Aliomba rozari nusu bila kujua anaomba nini hasa. Wangare aliporudi uso wake ulikuwa umesema tayari.

"Wamekataa. Maneno yamepitishwa na watu wa TV na wakili wao, hayaguswi." Akasita. "Lakini wamesema iko njia nyingine. Wewe mwenyewe, kama mwandishi, utengeneze vitabu viingiane. Mutua afe mwanzo, vile wanataka. Ukifanya hivyo, hakuna ilani. Mimi sikushauri, Mwalimu. Kama ni mimi ningeacha ilani. Watu hata hawasomi kurasa za mbele."

Hilo lilikuwa shauri jema, nalo lilitoka kwa mtu asiyejua lolote. Lakini mwoga hasikii shauri, husikia hatari tu. Aloys alijua mtu mmoja ambaye angesoma kurasa za mbele, za nyuma na jina la mpiga chapa. Karakana ya Rodgers ilikuwa umbali wa kuita kwa sauti. Mashine yake ya kuchomelea ilisikika ikilia hata pale mezani. Angeweza kumwita, akamwonyesha karatasi, wakakaa wakaongea kama watu wazima wawili. Wazo hilo lilimpitia, akatokwa jasho, likaondoka.

"Nitatengeneza," alisema.

Jioni hiyohiyo Rodgers alikuja na maziwa kutoka kwa mama yake. Mutheu alituma maziwa kila jioni, na hakuna siku alisema kwa nini. Ndivyo alivyokuwa, mwanamke wa kutuma na si wa kusema.

"Nimeskia watu wa vitabu walikuja," Rodgers alisema, akiketi na ovaroli yake yenye matundu ya cheche. "Wataitoa kweli?"

"Wataitoa."

"Zote? Hata ile ya harusi?"

"Zote," Aloys alisema, akainama kuufunga uzi wa kiatu uliokuwa umefungwa.

"Hiyo ni maneno ya baraka. Yangu mchwa wamekula mpaka katikati. Mutua atakuwa na kitabu mpya ya babu yake, ikiwa na karatasi nyeupe. Na mama ameuliza. Yeye haulizagi kitu, lakini ameuliza kama harusi itakuwa ndani."

Aloys alisema maziwa ni mazuri leo. Rodgers alicheka, akasema ni ng'ombe yuleyule.

Kazi ile ilimtesa. Kuua mtu katika kitabu ni rahisi, waandishi huua kila siku na wanakunywa chai baadaye. Kumtoa mtu aliyekwisha kuishi ndiko kugumu. Mutua alikuwa kila mahali. Alikuwa kwenye mzaha wa Ndambuki, kwenye sufuria ya githeri iliyosahauliwa ndani ya lori, kwenye kikohozi kilichowatia mashaka wezi. Aloys alimweka mahali pake dereva mwingine, mtu mmoja Onesmus asiye na mke wala sura, aliyeendesha lori na kunyamaza. Sura ya mtoto aliikata yote. Kisha akafika kwenye harusi, akakaa mbele yake siku nzima.

Alikumbuka kwamba alipoiandika hakuwa na harusi ya kuiga. Ile ya kweli ilikuwa ya wazee, mbuzi na msichana aliyeinamisha kichwa, bila bwana harusi. Kwa hiyo alitunga bwana harusi. Alimvisha Mutua viatu vya kuazima vinavyombana, kwa kuwa kaka yake alikuwa na miguu mikubwa. Akamfanya acheze vibaya. Akamfanya amwinamie bibi harusi mbele ya watu wote na kumnong'oneza kwamba vidole vinamwuma. Bibi harusi akacheka. Alipokuwa akimsomea mama yake, mama alikuwa akifika hapo anasema, "Ndiyo, angesema hivyo." Aloys aliyakumbuka maneno hayo, akaikata sura.

Alijiambia anamlinda mtoto. Alijiambia mama yake angeelewa, kwani ni bora jina likose kuandikwa kuliko liandikwe kwa kukanushwa. Alijiambia Rodgers ni mtu wa vyuma, ana kelele za mashine na mabinti wa kusomesha, huenda akanunua kitabu, akakiweka kabatini, basi. Mtu akijiambia mambo mengi namna hiyo ujue hakuna hata moja analoliamini. Na kila jioni maziwa yalikuja, na kila jioni alikusudia kumwambia Rodgers kabla hajaondoka, na kila jioni alimsindikiza mpaka langoni akiongea habari za mvua.

Uzinduzi ulifanyika Machakos mjini, katika ukumbi wa kukodi. Rodgers alifunga karakana, akavaa suti ya harusi yake, akampeleka Aloys kwa pikapu yake ndogo. Mkewe alikaa katikati na mtoto. Mutheu alikuwa amebaki nyumbani kupika, kwa sababu walikuwa wamealika majirani kuja kula baadaye.

"Mama amechinja yule jogoo mkubwa," Rodgers alisema njiani. "Amesema siku kama hii haiji mara mbili."

Aloys alikuwa na presha, na daktari alikuwa amemwonya. Aliweka kidole kwenye mshipa wa mkono wake, akausikia ukikimbia. Walipopita Masii aliomba gari liharibike. Gari la fundi haliharibiki.

Ukumbi ulijaa. Walikuwapo walimu, vijana waliovaa kofia za kahawia, padri na mwigizaji mmoja wa runinga ambaye kila mtu alitaka kupiga picha naye. Aloys aliketishwa meza ya mbele kando ya Wangare. Vitabu vilipangwa juu ya meza nyeupe mlangoni, na kutoka pale alipokaa alimwona Rodgers akienda moja kwa moja, akichukua cha tatu, akilipa, akirudi kwenye kiti chake safu ya mbele. Wangare alikuwa akizungumza juu ya urithi. Aloys hakumsikia. Alimtazama Rodgers akilamba kidole na kufungua.

Rodgers hakuangalia ukurasa wa mbele kabisa. Aliupita. Alifungua katikati, kama mtu anayejua njia ya kwao, akatafuta. Akageuza mbele kidogo. Akarudi nyuma. Mkewe alimwinamia akamwuliza kitu, naye akatikisa kichwa na kuanza tena, safari hii polepole, ukurasa kwa ukurasa. Aloys alihisi shati limegandamana na mgongo. Alitaka kwenda msalani, alitaka kuzimia, alitaka mwigizaji aanguke jukwaani ili watu watazame kwingine.

Halafu Wangare, kwa wema wake, akasema, "Mwalimu atatusomea kidogo. Nani anataka achague sehemu?"

Rodgers alisimama. Alisimama kwa adabu, kitabu mkononi, akasafisha koo.

"Mimi ni mwana wa kaka yake mwandishi," alisema. "Naomba atusomee pale Mutua anaoa. Nimetafuta hapa sijapata. Labda ni macho yangu."

Watu walicheka kidogo, kwa urafiki. Kijana mmoja wa kofia akasema kwa sauti, "Mutua hakuwahi kuoa, mzee. Alidedi mwanzo." Wakacheka tena. Wangare alimtazama Aloys, Aloys akatazama kitambaa cha meza. Ikabidi Wangare aseme yeye.

"Sehemu hiyo haiko kwa toleo hili," alisema taratibu. "Mwalimu mwenyewe aliitengeneza upya, ili iingiane na historia rasmi."

"Mwenyewe?" Rodgers aliuliza.

"Ndiyo. Mwenyewe."

Rodgers alisema asante, akaketi. Hakufungua kitabu tena. Aloys alisoma ukurasa fulani, ule wa ng'ombe wa Konza, kwa sauti aliyoisikia kama ya mtu mwingine, na watu wakampigia makofi kwa sababu ya umri wake.

Baadaye, nje, mke wa Rodgers alienda kumnyonyesha mtoto kwenye kivuli cha ukuta. Wanaume wawili wakabaki kando ya pikapu. Aloys alikuwa ameandaa maneno, yote yakamtoka ovyo.

"Kulikuwa na karatasi," alisema. "Walitaka kuweka karatasi mbele. Ilisema Mutua alikufa kabla ya kuoa. Kabla ya kupata mtoto. Niliona ukisoma hiyo... Rodgers, iko mambo hukuambiwa. Nilitaka usiyapate kwa kitabu."



"Ati sikuambiwa," Rodgers alisema. "Baba mdogo, mimi niliambiwa nikiwa darasa la nne. Mwana wa Kyalo alinipokonya mpira nikamwita mwizi, akaniambia baba yangu alizikwa kabla mama hajaletwa. Hiyo kijiji ina siri gani? Walinyamaza kwa heshima, na mimi nikanyamaza kwa heshima. Hata siku ya kumpa mtoto jina nilijua."

Aloys alishika mlango wa gari. Miaka yote ile alikuwa amesimama mlangoni akizuia mwizi ambaye alikwisha kuingia, akala, akalala, akawa mtu wa nyumba.

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Nilirudi nyumbani siku hiyo nikilia, nikachukua ile kitabu. Nikasoma harusi. Nikaona huyu mtu ameandika mpaka viatu vya kubana. Nikasema, mtu hawezi kujisumbua hivi kwa uongo mtupu. Kama baba mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, ameandika alimwoa mama yangu, na jina lake akaweka chini, basi alimwoa. Nikanyamaza kulia." Hakuwa amepandisha sauti hata kidogo, na Aloys angetamani apandishe. "Ile karatasi yao mngeacha tu. Watu wa Nairobi wakisema Mutua hakuoa, hao hawanijui, hata hainiumi. Nyanya alimwolea mke ndio jina isipotee, na wewe ulikuwa shahidi. Sasa shahidi ndiye ameenda kusema hakuona."

"Ile ya zamani bado iko," Aloys alisema. "Tunaweza kutafuta."

"Iko na mchwa."

Aloys alisema anaomba msamaha, na alimaanisha, na alijua pia kwamba nusu ya msamaha huo ilikuwa hofu ya kuachwa bila mtu. Aliona aibu kwa nusu hiyo. Machozi yalimtoka, akayaacha.

Rodgers hakuyatazama machozi. Alimfungulia mlango, akamshika kiwiko, akamsaidia kupanda kama siku zote, akamfungia mkanda kwa sababu vidole vya mzee havikuwa na nguvu. Alikirusha kitabu kipya juu ya dashibodi. Mkewe akaja, akaingia, akampakata mtoto.

"Twende," Rodgers alisema, akizungusha ufunguo. "Mama amengoja. Unajua ile harusi ya kule nyumbani haikuwa na bwana. Wewe ndiye ulimpatia mtu wa kumchekesha siku ya harusi. Ataniuliza kama mmesoma ile ya harusi, na mimi sitajibu."

"Utasema nini?"

"Utamwambia wewe."

Gari likatoka mjini. Mtoto alianza kulia, mama yake akambembeleza kwa jina lake, Mutua, Mutua, Mutua, mpaka walipofika Masii akalala.